Usukani Uliopita Alama

Mkunga wa mtaa ule watu walimwita Chiriku. Hakuwa mdogo wa umbo, la. Jina lilimpata kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa haishiwi maneno. Asubuhi ulimsikia kabla hujamwona.

"Shangazi, umeamkaje? Mjukuu ananyonya? Babu, goti linasemaje leo?"

Maneno yalitangulia, baiskeli ikafuata.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mbio. Ilikuwa nyepesi, matairi yake membamba, na usukani wake umejikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Chiriku aliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine. Aliipendea jambo moja tu: ilikuwa inakwenda. "Mtoto akitaka kuzaliwa hasubiri mtu," alikuwa akisema. Kwa baiskeli ile alifika kwa wajawazito wa bondeni, akapanda kilima, akarudi kituo cha afya kabla chai haijapoa.

Ganzi ilianza kidogo kidogo. Kwanza ilishika kidole cha mwisho, kisha na cha jirani yake. Akifika mahali anakung'uta mikono, inapona, anaendelea na kazi. Kisha ikawa haiponi upesi. Ikapanda kwenye kiganja. Mgongo nao ukawa unamuuma, na shingo ikawa ngumu kama mti.

Siku moja alikuwa akimpima mama mjamzito. Aliweka mikono juu ya tumbo, kama alivyofanya maisha yake yote ya kazi. Mikono ya mkunga ndiyo macho yake. Hutafuta kichwa, hutafuta mgongo, hujua mtoto amelalaje. Siku ile mikono haikuona kitu. Ilikuwa kama anagusa juu ya blanketi nene.

Alibonyeza tena. Akahamisha mkono. Jasho likamtoka.

Hakutaka kubahatisha. Akatoka mlangoni, akamwita mkunga mwenzake. "Dada, njoo unisaidie. Mikono yangu imekufa ganzi."

Mwenzake akapima. Mtoto alikuwa amelala vizuri tu. Lakini Chiriku hakufurahi. Alirudi nyumbani kwa miguu, akisukuma baiskeli.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa duka lake. Kitambaa huku, vifungo kule, na mashine katikati. Alimwona mkewe akiingia bila kusema neno, akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Chiriku akinyamaza, kuna jambo," alisema. "Nani kafa?"

"Mikono yangu," alijibu mkewe. Akakaa juu ya mtumba wa vitambaa, akalia.

Kesho yake walikwenda kwa daktari wa kituo. Daktari alimpima damu na sukari. Alimgonga kiwiko, akamchomachoma vidole kwa ncha ya kalamu.

"Damu yako nzuri," alisema. "Sukari nzuri. Naona kuna neva inabanwa hapa, kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Ukiendelea kuibana, itaumia zaidi. Kuna kitu unakiegemea kila siku. Kitafuteni. Mkikiondoa, nadhani mikono itarudi. Isiporudi, njoo tena mapema."

Walitoka nje. Chiriku akachukua baiskeli yake ili awahi kazini, na mumewe akabaki barabarani akimtazama akipanda kilima. Alipofika katikati ya mlima, mumewe akajipiga paji la uso.

Jioni akamngoja mlangoni.

"Nimekiona unachokiegemea! Umelala juu ya usukani kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Siti iko juu, usukani uko chini. Uzito wako wote unabebwa na viganja."

Chiriku alitazama baiskeli yake. Akatazama viganja. "Mume wangu! Na mimi naipenda hivi."

"Endelea kuipenda. Ila nguo ikibana tunaiachia. Na hii tutaiachia."

Aliazima spana kwa jirani, akalegeza bolti iliyo juu ya usukani. Akavuta. Haukutoka. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akachukua nyundo, akagonga bolti kwa hasira. Kitu kikaachia ndani, na usukani ukalegea.

"Aa! Umekubali mwenyewe."

Akaupandisha. Karibu na mwisho, kwenye kile chuma kinachoingia ndani ya fremu, palikuwa na vistari vidogo vimechongwa kukizunguka. Fundi cherehani aliviona. Akadhani ni urembo wa kiwandani. Akavuta juu kidogo tena, vistari vikabaki nje kabisa, akakaza kwa nguvu zake zote.

Chiriku akapanda. Mgongo ulinyooka, kifua kikafunguka. Kwa mara ya kwanza aliona barabara bila kuinua shingo kama kobe.

"Wewe ni dawa!" alimpigia kelele mumewe, akazunguka mtaa mzima akiimba.

Na kweli, ganzi ilianza kupungua. Lakini baiskeli ikaanza kulia. Akivuta usukani mlimani, unalia kwi, kwi, kama mlango wa zamani. Akikata kona, breki ya mbele inajikaza yenyewe bila kushikwa. Chiriku akasema nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Basi mume huyu alikuwa na dada yake mkubwa, naye alikuwa fundi baiskeli. Watu walimwita Spana. Banda lake lilikuwa kona ya soko, na mikono yake haikukosa grisi hata kwenye harusi ya mtu. Asubuhi moja alikuja kuchukua aproni yake aliyokuwa akishonewa. Alimkuta Chiriku anatoka mbio na mkoba mgongoni. Mtu alikuwa ametoka kumpigia simu. Mke wa mtu huyo ameshikwa na uchungu, nyumba yao iko bondeni, chini ya mteremko mkubwa.

"Wifi, karibu, mimi naruka!" alisema Chiriku, akainua mguu apande.

"Wifi, simama," alisema Spana.

"Sina muda. Mtoto yuko njiani."

"Nimesema simama." Spana hakutania, na kwa kawaida wifi hawa wawili walitaniana mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Aliinama, akagusa vile vistari kwa kidole. "Nani ameigusa hii?"

"Kaka yako. Imenisaidia sana. Nipishe!"

Spana hakumpisha. Alisimama mbele ya baiskeli, akalibana gurudumu la mbele kwa magoti yake, akashika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha. Usukani uligeuka. Gurudumu halikugeuka.

Chiriku aliinama kulitazama.

"Umeona?" aliuliza Spana. "Huku unakata kushoto, gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe. Hupandi hii."

"Na yule mama je?"

"Nani kasema hufiki? Panda yangu. Kaa nyuma."

Baiskeli ya Spana ilikuwa kubwa, nzito, ina keria ya chuma ya kubebea mizigo. Chiriku alikaa juu ya keria, mkoba mapajani, miguu ikining'inia. Spana akakanyaga pedeli. Watu walicheka kuona mkunga amebebwa kama gunia la mkaa. Chiriku hakucheka.

Walifika juu ya mteremko. Spana alishika breki zote mbili, wakashuka taratibu. Chiriku alichungulia pembeni ya bega la wifi yake. Barabara ilianguka chini mbele yao. Mwishoni kulikuwa na daraja jembamba lenye kuta za mawe. Alikuwa amepita hapo juzi, upepo masikioni, akiimba. Aliyatazama yale mawe yanavyokaribia. Moja lilikuwa na ncha. Hakuwahi kuliona.

Mtoto alizaliwa salama kabla ya adhuhuri, msichana mwenye sauti kali. Chiriku alipotoka nje kunawa, alimkuta Spana anakaza bawaba ya mlango wa wenyewe.

"Ilikuwa inalegea," alisema Spana. "Mikono yangu haiwezi kukaa bure."

Alasiri walikutana bandani. Fundi cherehani alikuja akiisukuma baiskeli ya mkewe. Alikuwa ameshaambiwa. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Dada, nilitaka kumsaidia," alisema.

"Najua, mdogo wangu. Na ulipatia mambo mawili. Uliona usukani uko chini, na uliona kwamba unaweza kupandishwa. Njoo tuone na lililobaki."

Alilegeza bolti, akaweka kipande cha ubao juu ya kichwa cha bolti, akagonga mara moja kwa nyundo. Kisha akachomoa usukani wote pamoja na shingo yake. Shingo ya usukani ndicho kile chuma kilichopinda. Mwisho mmoja umeushika usukani, mwisho wa pili unaingia ndani ya bomba la fremu.

"Tazameni chini hapa," alisema Spana. "Mwisho wa shingo umekatwa mshazari. Na hiki chuma kidogo nacho kimekatwa mshazari. Hii ni kabari. Bolti ndefu inapita katikati ya shingo na kushika kabari. Ukikaza bolti juu, kabari inavutwa. Inateleza pembeni, inagandamiza bomba kwa ndani. Basi. Ndiyo inayoshika usukani."

"Ndiyo hii tu?" aliuliza Chiriku.

"Ndiyo hiyo tu."

Chiriku aliichukua. Haikuzidi kidole gumba. Ilikuwa baridi, nyeusi kwa grisi kuukuu. Aliigeuza kiganjani. Vilima vyote vile, mvua zote zile, kwenda mbio kwa wazazi, na kumbe mwili wake ulishikwa na kitu ambacho angeweza kukificha kwenye ngumi. Hakuwahi kukiona. Hakujua hata kama kipo. Kikawa kinafanya kazi yake gizani, ndani ya bomba, siku zote hizo.

"Jamani," alisema polepole. "Jamani, watu wameumba vitu."

"Na vile vistari?" aliuliza mumewe.

"Ile ni alama ya mwisho. Lazima ibaki ndani ya bomba, isionekane. Ikionekana, maana yake chuma kilichobaki ndani ni kifupi mno." Spana alifikiri kidogo. "Kaka, wewe ukishona mkono wa shati, unakata kitambaa sawasawa na kipimo?"

"Haiwezekani. Naacha akiba ya mshono."

"Usipoacha?"

"Shati likivutwa tu, mshono unafumuka."

"Alama hii ndiyo akiba ya mshono. Wewe uliimaliza yote."

Fundi cherehani alishika kichwa. Sasa alielewa kwa lugha ya kazi yake mwenyewe, na kuelewa kulimuuma.

Spana alichukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akaifuta shingo mpaka uchafu wote ukatoka. Akaipeleka kwenye jua. Akaisogeza karibu na macho.

"Wifi, njoo. Lete macho yako. Hapa."

Chiriku aliinamisha kichwa. Aliona mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, ukizunguka chuma karibu nusu.

"Ni mkwaruzo?"

"Mkwaruzo ukucha unapita juu yake. Pitisha ukucha."

Chiriku alipitisha. Ukucha ulinasa.

Spana aliibana shingo kwenye jiriwa la mezani. Akatia bomba la chuma upande wa pili ili apate nguvu, akaegemea kwa uzito wake. Akaegemea tena.

Tak!

Shingo ilikatika. Kipande kimoja kilibaki kwenye jiriwa, kingine kikaanguka sakafuni. Ndani ya chuma palionekana sehemu mbili. Moja ilikuwa nyeusi, ufa wa siku nyingi. Nyingine iling'aa kama fedha. Sehemu ile ya kung'aa ilikuwa ndogo. Hiyo ndiyo peke yake iliyokuwa imembeba Chiriku.

Sokoni watu waliendelea kupiga kelele za biashara. Fundi cherehani alimshika mkewe mkono, akaushika kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto.

"Ndiyo maana ilikuwa inalia," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

"Ilikuwa inakuambia," alijibu Spana. "Chuma hakina mdomo mwingine. Ikilia kwi, shuka, tafuta. Ikicheza, shuka. Ukiona ufa, usipande hata mpaka kona ile."

"Hakiwezi kuungwa kwa moto?" aliuliza kaka yake.

"Kuna watu watakudanganya kinaungwa. Usukani, shingo yake na uma wa mbele unaoshika gurudumu haviungwi. Vikipata ufa vinatupwa, vinawekwa vingine. Hivi ndivyo vinavyozuia uso wako usipige barabara."

Alipekua sanduku lake la vyuma mpaka akapata shingo nyingine, ya unene uleule, ila ndefu zaidi. Aliipima kwenye bomba. Ikaingia bila kulazimishwa.

"Haya, fundi," alimwambia kaka yake. "Safari hii fanya wewe. Mimi natazama."

Fundi cherehani alipaka grisi kwenye shingo na kwenye kabari, ili kutu isije ikavigandisha. Akaitumbukiza. Spana alimwambia Chiriku asimame karibu na siti.

"Tunauweka karibu sawa na siti," alisema. "Huyu hashindani na mtu. Kaka, alama iko wapi?"

"Imezama ndani kabisa. Haionekani."

"Hapo sawa. Simama mbele sasa. Linganisha usukani na gurudumu, ukitazama kwa jicho moja, kama unavyotunga uzi kwenye sindano. Kaza. Imara, lakini usishindane nayo. Ukikaza kupita kiasi, unaweza kuharibu bomba lenyewe."

Waya wa breki ya mbele ulikuwa umekuwa mfupi baada ya usukani kupanda. Ndiyo maana kila kona breki ilikuwa inajikaza. Spana aliweka waya mrefu zaidi, akageuza usukani kushoto na kulia mpaka akaridhika. Kisha akamwambia kaka yake alibane gurudumu kwa magoti na ajaribu kuzungusha usukani. Alijaribu. Alijaribu tena akiuma meno. Usukani na gurudumu vilikuwa kitu kimoja.

"Kumbuka neno moja," alisema Spana. "Baiskeli mpya nyingi hazina kabari hii. Shingo zake hushika bomba kwa nje. Hizo huwezi kuzipandisha kwa kulegeza bolti na kuvuta. Ukikutana nayo, ilete hapa."

Chiriku alipanda. Viwiko vyake vilikunjika kidogo, vifundo vya mikono vikanyooka, na viganja vikagusa usukani bila kuulalia. Alizunguka soko. Baiskeli haikulia. Alisikia matairi tu juu ya changarawe, na mnyororo ukinong'ona.

Aliporudi, macho yake yalikuwa na machozi.

"Nini tena?" aliuliza Spana. "Inabana?"

"Haibani. Ila wifi, leo ningekuwa kwenye yale mawe."

"Lakini uko hapa unanipotezea wakati," alisema Spana, akageuka haraka kutafuta kitu sandukuni ambacho hakikuwamo.

Toka siku ile, kila mwanzo wa juma fundi cherehani aliifuta baiskeli ya mkewe kwa kitambaa kisafi kabla hajagusa nguo ya mteja. Alitazama shingo, uma wa mbele, waya za breki. Alibana gurudumu kwa magoti. Wateja walimcheka mwanzoni. Baadaye wakaanza kuja na baiskeli zao. Yeye akiona ufa au akisikia mlio, hakugusa; aliwaelekeza kona ya soko.

Mikono ya Chiriku ilirudi polepole. Kwanza ilisikia joto, kisha baridi, kisha tofauti ya pamba na hariri pale dukani kwa mumewe. Daktari alimpima tena, akacheka kwa furaha, akamwambia asisahau kubadilisha mshiko awapo njiani.

Mvua za kwanza zilipoanza, alikwenda kumpima mama mmoja upande wa pili wa kilima. Tumbo la mama yule lilikuwa kubwa kuliko miezi yake. Chiriku aliingia akiongea, akanawa akiongea, akaweka mikono juu ya tumbo akiongea.

Kisha akanyamaza.

Kichwa kilikuwa hapa chini. Kigumu, cha mviringo. Alikisikia wazi kama anavyosikia ngumi yake mwenyewe. Akapandisha mikono polepole. Alisikia mgongo, akasikia mguu mdogo ukimsukuma. Na juu kabisa, karibu na mbavu, vidole vyake vikakuta kitu kingine kigumu, cha mviringo. Alikibonyeza kidogo. Kikateleza, kikarudi.

"Mkunga," aliuliza yule mama kwa hofu, "mbona umenyamaza? Mtoto hayuko sawa?"

Chiriku alichukua mkono wa mama, akauweka chini ya tumbo. "Hiki ni kichwa. Umekisikia?"

"Nimekisikia."

Akauhamisha juu, taratibu, akaukandamiza kwa mkono wake mwenyewe. "Na hiki nacho ni kichwa."

Mama alimtazama. Hakuelewa. Kisha akaelewa, akatandaza kiganja juu ya kile kichwa cha pili. Ndani, mmoja wa wale wawili alijigeuza. Wote wawili walimsikia, mama kwa kiganja chake na Chiriku kwa vidole vyake vyote kumi.

Kituo cha afya kilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mapema, siku ya kujifungua isije ikamkuta njiani. Mapacha wale walizaliwa huko, salama, mmoja akilia na mwingine akishangaa.